Mume yuko fildi, mtoto hasemi shuleni, nami siendeshi gari. Nirudi Mombasa?

SWALI: "Mimi na mume wangu ni wa Mombasa. Yeye alipata grini kadi ya bahati nasibu, akaingia jeshi la Marekani, akapata uraia. Mimi na binti yetu wa miaka sita tulimfuata Killeen, Texas, mwaka jana, sote wawili kwa grini kadi. Miezi mitano iliyopita tukahamishiwa Vilseck, Ujerumani, na tunakaa nyumba ya kambini. Mume wangu yuko fildi, yaani mazoezini, karibu kila mwezi, wiki mbili, wakati mwingine tatu, na akirudi ni usingizi na begi la nguo chafu. Siendeshi gari. Usiku mizinga inalia mpaka madirisha yanatetemeka. Mtoto nyumbani anaongea kama kasuku, lakini shuleni hajatamka neno tangu tufike. Jirani amenishauri niache Kiswahili, niongee naye Kiingereza tu. Pesa ni kidogo kuliko Texas, na ndugu zetu wanadhani tunaogelea kwenye dola. Naogopa washauri wa kambi kwa sababu nimeambiwa nitamharibia mume wangu kazi, hatapanda cheo. Nimeamua kurudi kwa mama na mtoto mpaka muda wake uishe, bado miaka miwili na nusu hivi. Nakosea? Na swali dogo: blenda niliyotoka nayo Mombasa, Killeen ilizunguka kwa uvivu nikairudisha kwenye boksi. Huku itafanya kazi?"

JIBU:

Dada yangu, nianze na tiketi, kwa sababu katika yote uliyoandika hilo ndilo ukilifanya leo hutaweza kulirekebisha kesho.

Wake wengi wa wanajeshi wanaamini kwamba grini kadi yao iko salama popote walipo, ilimradi mume bado amevaa gwanda. Sivyo. Kwa kawaida mwenye grini kadi akikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha kurejea, kadi hiyo haimwingizi tena. Hata kabla ya mwaka kutimia, afisa wa uwanja wa ndege ana haki ya kumuuliza kama kweli bado anaishi Marekani. Wewe hapo Vilseck umeepushwa na hayo kwa sheria maalumu ya Januari 2008: mke anayeishi na mumewe mwanajeshi ng'ambo, akiwa ametajwa kwenye amri ya uhamisho, huhesabiwa kana kwamba yuko Marekani. Siku zako za hapo zinaingia kwenye hesabu ya uraia, na hata kiapo cha uraia unaweza kukila huko huko bila kuvuka bahari. Lakini sikia vizuri maneno yaliyobeba sheria hiyo: anayeishi na mumewe. Ukikaa Mombasa miaka miwili na nusu, mume atakuwa bado mwanajeshi na amri itakuwa bado na jina lako, ila huishi naye tena. Kinga ile itabaki Vilseck, wewe utakuwa Mombasa na kadi inayozeeka kwenye kabati la mama.

Kuna jambo jingine ambalo nahisi hakuna aliyewaambia. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 inasema mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye grini kadi, akiishi Marekani chini ya uangalizi wa mzazi wake aliye raia, huwa raia papo hapo, bila ombi wala kiapo. Binti yako alifika Killeen na kadi yake, akaishi na baba yake. Kama wakati huo baba alikuwa tayari raia, basi huenda mtoto ni Mmarekani tangu mwaka jana nanyi hamna habari. Nendeni ofisi ya pasipoti ya kambi mkamwombee pasipoti. Wewe mwenyewe, kwa kuwa mumeo ni raia aliyepangiwa kazi ng'ambo, huenda usihitaji hata kusubiri ile miaka mitatu ya kawaida kabla ya kuomba uraia. Uliza ofisi ya msaada wa sheria hapo kambini. Huduma yao ni ya bure. Na usiogope kuipoteza Kenya. Katiba ya 2010 inamruhusu mzaliwa wa Kenya kushika uraia wa nchi mbili.

Kwa hiyo, kwenda Mombasa ni sawa. Kuhamia ndiko kwenye matata. Shule za kambi hufungwa Juni. Nenda wiki tano, sita, mtoto akacheze na binamu zake, wewe ulale kwa mama mpaka jua likuchome usoni. Hiyo ni likizo na haigusi chochote. Ipo pia njia ya jeshi kuwarudisha familia mapema kwa gharama yake, hupitishwa kwa sababu nzito, na mara nyingi ni safari ya kwenda tu: ukibadilisha mawazo baada ya miezi minne, nauli ya kurudi Vilseck ni yenu. Mume naye huenda akatakiwa kuiachia nyumba. Si njia mbaya kwa mwenye haja nayo. Nimewaona waliorudi kwa sababu ya mzazi mgonjwa au ndoa iliyokwisha, na ilikuwa sawa. Wewe barua yako hainisomeki hivyo.

Niseme ninavyoisoma. Umetaja mizinga, gari, pesa, mtoto, jirani na mume asiyekuwepo, na ukidhani ni mambo sita. Mimi, baada ya miaka minane ya kusikiliza akina mama karibu na kambi za Kaiserslautern, huku huku Ujerumani, naona jambo moja: kila mlango wa hapo unafunguliwa kwa jina la mume wako, naye hayupo.

Familia za wanajeshi wa Marekani zilianza kuletwa Ujerumani mwaka 1946, na mpaka leo utaratibu ni ule ule kwa kiini chake: anayeletwa ni askari, wengine wanamfuata. Kisheria wewe uko Ujerumani kupitia kwake. Kile kibandiko kwenye pasipoti yako kimetokana na mkataba wa nchi za NATO wa mwaka 1951 unaohusu majeshi na familia zao. Nyumba imeandikwa kwake, kitambulisho chako kimeunganishwa na chake, na kila dirisha unalofika unaulizwa namba ya mdhamini, wewe ukiandikwa mtegemezi. Mtu mzima aliyekuwa na duka lake au kazi yake Mombasa akiitwa mtegemezi mara nne kwa siku, mwisho mwili unaanza kuamini. Unakaa ndani. Unasubiri arudi ndipo maisha yaanze.

Mombasa wapo wanawake walioolewa na mabaharia, waume miezi tisa baharini, na nyumba hazikuanguka. Tofauti ni kwamba wao mtaani wana majina yao. Mwenye duka anawajua, mwalimu wa madrasa anawajua, jirani anagonga mlango bila kuuliza. Wewe hapo una mume baharia lakini huna mtaa. Kwa hiyo dawa ninayokupa ni kuchonga funguo zako mwenyewe kabla hajaondoka tena.

Wa kwanza ni karatasi. Mama mmoja niliyemhudumia, mume akiwa Poland na kikosi, alikuta usajili wa gari umekwisha. Alifika dirishani na watoto wawili na mvua, akaambiwa inatakiwa sahihi ya mwenye gari. Gari lililala wiki tatu nje ya nyumba, majani yakilifunika, naye akasukuma kigari cha mtoto kwenda sokoni na kurudi. Ilikosekana hati ya uwakilishi, karatasi moja ambayo ofisi ya sheria ya kambi huandika bila malipo, mara nyingi siku hiyo hiyo. Mume wako akiwa nyumbani wiki ijayo, nendeni pamoja. Mimi hupendelea hati zinazotaja jambo moja moja, gari, nyumba, kodi, matibabu na shule ya mtoto, kuliko ile ya jumla inayompa mtu kila kitu. Ofisi nyingi pia huzikubali kwa urahisi zaidi. Hakikisheni ina tarehe ya mwisho, na nakala iwe kwenye simu yako. Mkiwa huko huko, ulizeni kama akaunti ya benki ina jina lako au una kadi tu. Hayo ni mambo mawili.

Wa pili ni miguu. Kama una leseni ya jimbo la Marekani, hata kama huendeshi, unaweza kufanya mtihani wa kambi wa maswali na alama za barabarani ukapewa leseni ya jeshi ya kuendeshea Ujerumani. Kama huna kabisa, njia iliyobaki ni shule ya udereva ya Kijerumani, na hiyo ni ghali. Si ajabu kuvuka yuro 2,500. Sikwambii uzitoe kesho. Sheria moja tu ishike tangu sasa, maana hata kwa miguu itakufaa: kwenye njia panda isiyo na alama, anayetoka kulia ndiye anayepita kwanza, hata akiwa na baiskeli. Imewatoa jasho Wamarekani wengi.

Lakini wewe una kitu ambacho Killeen haikuwa nacho. Vilseck ina stesheni. Treni inakwenda mji wa Nuremberg kwa muda wa saa moja hivi, na tangu Mei 2023 Ujerumani ina tiketi ya mwezi inayokupandisha treni zote za mikoa na mabasi nchi nzima. Ilianza kwa yuro 49, imepanda tangu hapo, bado ni nafuu kuliko gari. Jumamosi moja mchukue binti yako, pandeni, teremkeni Nuremberg, tafuteni maduka ya Waturuki na ya Waafrika. Bamia, nyama ya halali, unga wa mahindi, tui la nazi. Siku utakayorudi na mfuko wa mbaazi bila kumwomba mtu lifti, utaniandikia. Usiende Jumapili, utakuta kila duka limefungwa. Na kabla ya kuvuka mpaka kwenda Prague kama majirani zako wenye pasipoti za Marekani, pita ofisi ya pasipoti uulize kama kibandiko chako na pasipoti ya Kenya vinatosha upande ule. Usimwamini mtu yeyote wa sokoni kwa jambo hilo.

Wa tatu ni habari. Kila kikosi kina kundi la familia, na kuna orodha ya barua pepe ambako hutumwa ratiba za mazoezi, mabadiliko ya tarehe za kurudi, namba za kupiga dharura ikitokea. Askari wengi huandika barua pepe zao wenyewe na kuzisahau huko. Mwambie mumeo aandike yako. Akikataa kwa sababu "hakuna cha maana kinachotumwa", mwambie mimi ndiye nimesema. Kambi pia hutangaza siku za mizinga mikubwa kwenye viwanja vya mazoezi vya Grafenwöhr, jirani na Vilseck. Ukiijua ratiba, kelele ile ile inabadilika: inakuwa kama kivuko cha Likoni kikipiga honi, kero isiyo na hofu. Mchoree binti yako kalenda ukutani, siku za mizinga aweke duara jekundu mwenyewe, siku baba anarudi aweke la kijani. Mtoto wa miaka sita hutulizwa na kujua kitakachokuja kuliko kuambiwa mara mia asiogope.

Sasa tumzungumze yeye, maana najua hapo ndipo moyo wako ulipo.

Mtoto anayeingizwa katika lugha asiyoimudu mara nyingi hupita kipindi cha ukimya. Anasikiliza. Anapanga sauti kichwani, anajifunza nani huongea wakati gani, na hafungui mdomo mpaka awe na hakika kidogo. Kipindi hicho huchukua wiki, mara nyingi miezi. Binti yako kwa mwaka mmoja na ushei amebadilisha nchi mara mbili, amepoteza bibi yake, binamu zake, kisha marafiki wawili watatu aliowapata Killeen, na baba anatokea na kutoweka. Kwa mtoto wa namna hiyo miezi mitano ya kunyamaza darasani hainishtui. Kwamba nyumbani anaongea kama kasuku ni habari njema sana, kwani masikio yake, ulimi wake na akili yake viko sawa.

Jirani yako amekutakia mema lakini amekosea. Lugha ya pili hujengwa juu ya ile ya kwanza. Mtoto anayejua kwa Kiswahili kwamba wingu huleta mvua, kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho, kwamba "kwa sababu" huunganisha mambo mawili, akifika kwenye Kiingereza anatafuta neno tu. Maana tayari anayo. Ukimkatia Kiswahili, unamnyima msingi na bado hujampa ukuta, na wewe mwenyewe, kwa Kiingereza ulichonacho leo, utakuwa unampa amri badala ya mazungumzo: vaa, kula, lala. Mtafiti wa elimu Jim Cummins wa Kanada alionyesha kwamba watoto wahamiaji huweza kuzungumza na wenzao kwenye bembea ndani ya miaka miwili hivi, ila Kiingereza cha darasani, cha kueleza na kubishana kwenye daftari, huchukua miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo hujachelewa na huna mbio za kukimbia. Endelea na Kiswahili chako cha Mombasa, na vitendawili, na simu za bibi. Ukikuta kitabu cha Kiingereza cha shule, soma naye, kisha mjadili kwa Kiswahili.

Upo lakini ukimya wa aina nyingine, ambao ni woga uliokaza koo. Mtoto anataka kusema na hawezi. Dalili zake ni hizi: anaganda mwili, haitiki hata kwa kichwa, hamwambii mwalimu anapotaka kwenda chooni, na hata akikutana na mtu anayemsemesha Kiswahili nje ya nyumba anabaki vile vile. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitazama zaidi, kwa sababu mtoto ambaye tatizo lake ni Kiingereza tu, ukimletea Kiswahili anafunguka. Jaribu wewe: mtafute Mswahili mwenzio yeyote kambini, aje awasalimie uwanjani pa michezo, uone. Kwa vyovyote vile, omba kikao na mwalimu wiki hii na utamke wazi mambo mawili: kwamba unataka mtoto apimwe kwa ajili ya msaada wa Kiingereza wa wanafunzi wenye lugha nyingine, ambao shule za kambi wanao, na kwamba unataka mtaalamu wa lugha na usemi wa shule amsikilize. Vyote ni bure. Mpelekee mwalimu simu yako yenye video ya binti akisimulia kitu jikoni kwa Kiswahili, hata dakika moja. Nimeona walimu wakibadilika kabisa baada ya kuona video kama hiyo. Walidhani wana mtoto asiyeweza, kumbe wana mtoto ambaye hawajamsikia. Ombi lako jingine liwe kwamba asilazimishwe kusema mbele ya darasa, na apewe mwenza mmoja wa kukaa naye, mmoja tu. Ikifika mwisho wa muhula bado amefunga mdomo, au hizo dalili za kuganda unazitambua sasa hivi, usisubiri: mpeleke kliniki ya kambi aonwe na daktari wa watoto.

Pesa nitaipita haraka. Killeen jeshi liliwapa posho ya nyumba, mkapanga nyumba ya bei ya chini kuliko posho, chenji ikabaki mfukoni. Vilseck mnakaa nyumba ya serikali, kwa hiyo posho ile haiji, lakini kodi ya nyumba na bili ya umeme hamlipi. Juu yake kuna posho ya gharama za maisha ya ng'ambo, na hiyo hupanda na kushuka kufuata yuro na dola. Mshahara wenyewe haukupunguzwa. Kaeni chini na karatasi ya mshahara mstari kwa mstari, wewe ukiishika. Ndugu wapangieni kiasi kimoja na tarehe moja ya M-Pesa kila mwezi, na nje ya hapo jibu liwe "tarehe ikifika". Ukiwaza kusuka nywele nyumbani, na najua wateja wapo, kwanza omba ruhusa ya kambi ya biashara ya nyumbani. Na mtu wa nje akikuomba umnunulie kahawa au sigara za kambini kwa sababu hazina kodi, kataa ukicheka. Hata kama ni Mkenya mwenzio, hata kama ni pakiti mbili. Hilo ni kosa la forodha, na kahawa yenyewe mnapimiwa kwa kadi.

Kuhusu washauri, aliyekuambia utamharibia mumeo kazi alikuwa anarudia uvumi wa zamani ambao umewaumiza wanawake wengi. Kambini kuna washauri wa familia ambao watu huwaita MFLC. Hawaandiki faili. Hawavai gwanda. Unaweza kukutana nao kwenye benchi la bustani, na wengine wako ndani ya shule kwa ajili ya watoto. Hawamwambii kamanda ulichosema, isipokuwa pakiwa na hatari ya mtu kujidhuru au kudhuru, mtoto kuteswa, ukatili wa nyumbani au uhalifu. Kasisi au imamu wa jeshi siri yake ni kubwa zaidi, na si lazima muwe dini moja. Ukitaka kuzungumza bila kuonekana ukiingia popote, Military OneSource, huduma ya msaada kwa familia za wanajeshi, hutoa hadi vikao kumi na viwili vya bure kwa kila tatizo, kwa simu au video, na wana wakalimani. Sema tangu mwanzo kwamba unataka Kiswahili. Hata ukienda kliniki, ambako faili lipo, faili hilo ni lako, na cheo cha mumeo hakipimwi kwa machozi yako. Kinachomponza askari ni kuwa fildi huku akili iko kwenye simu ya mke anayelia, na hilo tayari linatokea.

Ningekuwa karibu ningekuuliza ana kwa ana maswali haya, kwa hiyo nijibie moyoni. Je, ziko wiki mbili mfululizo ambazo hukuweza kutoka kitandani, au chakula hakipiti, au hupati usingizi hata siku za ukimya? Umewahi kuwaza kwamba ingekuwa heri usiamke? Mtoto ameanza tena kukojoa kitandani, au kujiumiza? Ukisema ndiyo kwa lolote, acha kusoma makala na uende kliniki kesho. Kwa hilo la kutotaka kuamka, leo, na namba ya dharura Ujerumani nzima ni 112. Hukuandika kwamba mumeo anakupiga au anakunyima pesa na karatasi zako, nami sikubuni. Ila kama yapo, kambi ina mtetezi wa waathiriwa ambaye unaweza kumweleza kwa siri, ukapata msaada na daktari, bila kamanda wala polisi kuarifiwa mpaka wewe utake. Hapo hesabu yote ya grini kadi niliyoandika juu hubadilika pia, kwani sheria ina mlango wake kwa mke anayeteswa, na hupaswi kukaa kwa sababu ya kadi.

Kama hayo hayapo, ushauri wangu ni huu: jipe mpaka Juni. Wiki ijayo ni ofisi ya sheria, mume akiwepo. Wiki inayofuata ni mwalimu. Kabla mwezi haujaisha ni treni ya Nuremberg. ACS, ofisi ya huduma za jamii hapo kambini, ina madarasa ya kuwazoesha wageni maisha ya Ujerumani, na humo ndimo utakapomkuta yule mwanamke mwingine aliyejifungia ndani kama wewe. Anaweza kuwa Mghana, Mfilipino au wa Alabama, si neno. Juni nenda kwa mama. Ukiwa huko, baada ya wiki ya tatu, jiulize tena kama unataka kurudi Vilseck. Jibu utakalolipata ukiwa umeshiba usingizi nitaliamini kuliko hili la sasa, na likiwa bado ni hapana, tutakuwa na muda wa kuzungumza na wakili wa uhamiaji kabla mwaka haujatimia.

Na blenda, itoe kwenye boksi. Umeme wa Kenya ni volti 240 na wa Ujerumani ni 230, mwendo ule ule wa mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo itazunguka kama ilivyozunguka nyumbani. Ilichoka Killeen kwa sababu kule ni volti 120 tu. Unahitaji adapta ndogo, maana plagi yako ina meno matatu ya mstatili na tundu la Kijerumani lina mashimo mawili ya duara. Vile ulivyonunua Texas ndivyo vya kuogopa: kitu chenye mota kilichoandikwa 120 ukikichomeka kwenye tundu la Kijerumani utasikia harufu kabla hujaona moshi. Soma kibandiko cha chini kwanza.